Mabwawa ya zamani ya mashambani: utoro usiinuliwe, tuta litengenezwe kabla ya mvua

Mhariri,

Mufindi, Njombe, Iringa Vijijini na kushuka hadi Mbeya, mashamba mengi yana bwawa la udongo lililoziba kijito bondeni. Baadhi yake ni ya enzi za walowezi. Shamba limebadilisha mikono mara tatu au nne, ramani imepotea, na mzee aliyejua bomba la kutolea maji limelazwa wapi ameshafariki. Mwenye shamba wa leo alinunua ardhi au aliirithi, bwawa akalikuta. Anajua perege wake, anajua maji yatafika mwezi gani, lakini utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada, hajaupima hata siku moja. Barua hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenye nyumba na vinyungu (bustani za bondeni) walio chini ya tuta lake.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Wengi walikuwa majumbani mwao. Nyanda zetu za juu zina miteremko ya namna ileile, mvua za masika za namna ileile, na vijiji vilivyojengwa chini ya matuta vilevile.

Maji hulimaliza tuta la udongo kwa njia kuu mbili: yanapita juu yake au yanapita ndani yake. Tuanze na ya juu, maana ndiyo ambayo wenye mabwawa wanaisababisha kwa mikono yao.

Utoro ni ule mkato wa pembeni, uliochimbwa kwenye ardhi ya asili nje ya tuta, unaopitisha maji ya ziada bwawa likijaa. Mwezi Aprili, mvua zikielekea ukingoni, mwenye bwawa anataka maji yamfikishe Novemba. Anapanga viroba vya mchanga kwenye mdomo wa utoro, au anajenga kijiukuta cha tofali cha sentimita 40. Bwawa linajaa zaidi, kiangazi kinapita vizuri, na viroba vinabaki palepale. Mwaka wa pili vimeota nyasi. Mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka kwamba havikuwa sehemu ya bwawa.

Hesabu yake ni hii. Chukua utoro wenye upana wa mita 10, ambao kutoka sakafu yake hadi mgongo wa tuta ni mita 1. Maji yakipanda hadi kugusa mgongo, utoro huo unapitisha takriban mita za ujazo 17 kwa sekunde. Inua sakafu kwa sentimita 40. Sasa imebaki nafasi ya sentimita 60, na utoro uleule unapitisha mita za ujazo 8 hivi. Kimo kimepungua kwa asilimia 40, njia ya mafuriko imepungua kwa zaidi ya nusu.

Na hapo tumeruhusu maji yafike mgongoni kabisa, jambo ambalo halifai. Upepo wa mchana unasukuma mawimbi, na mgongo wa tuta la zamani hauko sawa, kwa hiyo angalau sentimita 50 za juu zibaki kavu hata siku ya mafuriko makubwa. Utoro wetu wa mita 10 ukiachiwa maji ya kina cha sentimita 50 unapitisha mita za ujazo 6 kwa sekunde. Sasa linganisha na kinachoingia: kilomita moja ya mraba ya mteremko, ikipigwa na mvua ya milimita 50 kwa saa, na asilimia 40 ya mvua hiyo ikitiririka, inaleta mita za ujazo 5.6 kwa sekunde. Utoro unatosha, kwa kubanana. Ukiweka kijiukuta cha sentimita 40 na bado ukataka sentimita 50 za usalama, umebakiwa na sentimita 10 za kupitishia mafuriko yote hayo.

Juu ya bwawa nako mambo yamebadilika. Msitu wa misindano ukivunwa wote kwa mpigo, au mteremko ukilimwa viazi kwa matuta yanayoshuka na mlima, ile asilimia 40 inaweza kufika 60, na mita za ujazo 5.6 zinakuwa 8.4. Utoro uliotosha miaka 50 iliyopita huenda leo hautoshi, hata kama haujaguswa. Mwenye bwawa anayeona msitu wa jirani umekatwa apanue utoro wake mwaka huohuo.

Kuna na wavu wa samaki. Wanaofuga perege wanauweka kwenye utoro ili samaki wasitoroke, na usiku wa mvua kubwa majani ya mikaratusi, matete na magugu yanaubandika ukawa ukuta. Kama lazima samaki wazuiwe, tumieni nondo zilizosimama wima, zenye nafasi ya sentimita 3 kati yake, zisizozidi sentimita 20 kwa urefu, ili uchafu ukijaa maji yaruke juu. Nazo zinyanyuke kwa mkono. Nondo zilizojengewa kwenye zege hakuna mtu atakayezing'oa saa nane za usiku.

Mkia wa utoro pia utazamwe. Maji yakianguka kwa kishindo mwishoni yanachimba korongo, na korongo hilo linarudi nyuma kila mwaka kuelekea bwawani. Likifika mdomoni, bwawa lote linatokea hapo. Panga mawe makubwa pale maji yanapoangukia, panda ukoka pembeni, na hakikisha mkondo unajiunga na kijito mbali na mguu wa tuta.

Mgongo wenyewe unapimwa kwa mpira wa maji, ule wanaotumia mafundi wa msingi wa nyumba. Piga vigingi kila mita 5 toka mwanzo wa tuta hadi mwisho, hamisha levo kutoka kigingi hadi kigingi, kisha pima kutoka levo hadi udongoni. Mara nyingi utakuta bonde katikati, ambako tuta ni refu na limetitia zaidi, au pale ng'ombe wanapovukia, au kwenye alama za magurudumu ya pikipiki. Bonde la sentimita 30 ndipo maji yatakapopitia kwanza, na yakishaanza kuukata upande mkavu wa tuta la udongo hayazuiliki kwa koleo.

Kulijaza si kumwaga kifusi juu ya nyasi. Kwangua nyasi na mizizi yote, kwaruza udongo wa zamani kina cha sentimita 10 ili mpya ushikane nao, nyunyiza maji, weka udongo tabaka la sentimita 15, shindilia hadi kisigino cha buti kisiache shimo, ndipo uweke tabaka jingine. Udongo ufaao una mfinyanzi wa kutosha na unyevu wa kadiri: ukiuviringisha kiganjani unatoa kijiti chembamba kama penseli bila kukatika. Ukikatika, ongeza maji. Ukinata kiganjani, uache ukauke kidogo. Kama unahitaji kupandisha sentimita 40, pandisha 44, maana utatitia. Kabla ya kutumia udongo wowote, dondosha bonge dogo lililokauka kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Likiyeyuka na kuzungukwa na ukungu usiotulia baada ya dakika 10, huo ni udongo unaoyeyuka ndani ya maji, utafuteni mwingine.

Sasa maji yanayopita ndani. Kila tuta la udongo linavuja kidogo, na mguu wenye unyevu na nyasi mbichi kiangazi haumaanishi kwamba bwawa linakufa. Cha kuangaliwa ni mambo matatu: maji yanatoka mengi kiasi gani, yanaongezeka au la, na yana rangi gani.

Chimba kijifereji kinachokusanya maji ya mvujo mahali pamoja, choma bomba fupi, weka ndoo ya lita 20, pima kwa saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 80, unapoteza lita 900 kwa saa. Andika kwenye daftari tarehe, sekunde, na kina cha maji bwawani siku hiyo. Kina ni muhimu, maana mvujo hupanda na kushuka na bwawa. Bwawa likiwa kwenye kimo kilekile cha mwaka jana na ndoo inajaa kwa sekunde 50 badala ya 80, kuna njia inayopanuka.

Kisha kinga maji hayo kwenye chupa angavu ya lita moja na nusu, iache juu ya meza usiku kucha. Asubuhi angalia kitako chake. Maji safi yasiyoacha kitu ni mvujo wa kawaida. Ukikuta utando wa udongo chini, hata mwembamba kama karatasi, zile ni punje za tuta lako. Maji yanabeba udongo kutoka ndani, yanaacha tundu, tundu linarefuka kurudi nyuma kuelekea bwawani, na siku linapofika yanatoka kwa nguvu zote. Kati ya maji kuchafuka na tuta kupasuka zinaweza kuwa wiki, zinaweza pia kuwa saa chache. Mafuriko hayahitajiki hapo; tuta linaweza kupasuka siku ya jua.

Ukiona chemchemi inayotoa tope mguuni, usiizibe kwa mfinyanzi wala saruji. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote. Maji yaliyozibwa yanatafuta mlango mwingine juu zaidi, na presha ndani ya tuta inapanda. Yaacheni maji yatoke, zuieni udongo usitoke nayo. Mwaga juu ya chemchemi mchanga safi wa mtoni, usio na vumbi, unene wa sentimita 30, upana unaovuka eneo lenye unyevu kwa mita 1 kila upande. Juu ya mchanga weka kokoto ndogo sentimita 30. Juu ya kokoto panga mawe ya kuukandamiza mzigo wote usinyanyuliwe. Mpangilio usigeuzwe: mawe yakitangulia, udongo unapita katikati yake kama kawaida. Maji yakiendelea kutoka safi, umefanikiwa kwa muda. Mara moja anza kushusha kina cha bwawa na umwite mhandisi.

Njia hizo za ndani huanzishwa na nini? Fuko wanachimba upande mkavu, na shimo lao halizibwi mdomoni tu. Linafukuliwa hadi mwisho wake na kushindiliwa upya kwa tabaka. Miti ni hatari zaidi, na kwetu kuna tabia ya kupanda mikaratusi juu ya tuta ili kulishikilia, au mianzi ya ulanzi kwa kuwa pana unyevu. Mti ukiwa hai mizizi yake inapenya hadi kwenye kiini cha mfinyanzi; ukikatwa mizizi inaoza na kuacha mabomba tayari. Miche ya unene wa mkono ikatwe sasa. Mti mkubwa usikatwe na kuachwa kisiki: subiri maji yashuke, ng'oa kisiki pamoja na mizizi minene, jaza shimo kwa tabaka za sentimita 15. Juu ya tuta panafaa ukoka peke yake, unaofyekwa mfupi ili ufa, shimo au unyevu uonekane kwa macho. Ufa unaofuata urefu wa tuta unaonyesha upande unataka kuporomoka. Ufa unaolikata tuta toka kwenye maji kwenda upande mkavu ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yakipanda hapo yamepewa mlango.

Chanzo kingine ni bomba la zamani. Mabwawa mengi yalilazwa bomba la chuma chini ya tuta, na koki ikawekwa upande wa nje kwa sababu ni rahisi kuifikia. Maana yake ni kwamba bomba lina presha mchana na usiku ndani ya tumbo la tuta, na siku kutu inapotoboa, maji yanapiga udongo moja kwa moja. Ukiona maji yanatoka kando ya bomba badala ya ndani yake, hiyo ni dharura. Dawa ya kudumu kwa bwawa dogo ni kuliziba upande wa maji, kulijaza lote uji wa saruji, na kuanzia hapo kuvuta maji kwa bomba linalopita juu ya mgongo.

Bomba hilo linafanya kazi bila pampu: unaziba ncha zote mbili, unalijaza maji kupitia tundu la juu, unaziba tundu, kisha unafungua ncha ya bwawani na ile ya nje. Liwe la plastiki gumu; mpira laini unajibana wenyewe. Na kwa huku kwetu juu kuna kikomo kinachosahaulika: kwenye mwinuko wa mita 1,800 hewa ni nyepesi, kwa hiyo usitegemee maji kupanda zaidi ya mita 5 kutoka uso wa bwawa hadi mgongoni, wakati pwani yangepanda 6 au 7.

Chukua bwawa lenye kina cha mita 5 kwenye tuta, upana wa mita 120 hapo, na maji yaliyorudi nyuma bondeni mita 300. Zidisha vyote vitatu, gawanya kwa 6: ni mita za ujazo 30,000, yaani tani 30,000 zilizokaa juu ya kijiji. Mabomba mawili ya inchi 4, kila moja likitoa lita 15 kwa sekunde, yanalishusha kama sentimita 14 kwa siku mwanzoni. Kasi hiyo ni salama. Usivuke sentimita 30 kwa siku isipokuwa maisha yako hatarini, kwa sababu udongo wa upande wa maji ukiachwa ghafla umejaa maji na hauna kinachouegemeza, unaporomoka.

Wapo wanaosema mabwawa haya yote yabomolewe. Hatukubali. Mita hizo 30,000, hata baada ya jua na upepo kula zaidi ya theluthi kiangazi, zinanywesha mifugo, zinakuza vitalu vya miche, na zinamwagilia mboga za vinyungu Septemba wakati bei iko juu. Kinachotakiwa ni matumizi yasiyoharibu. Ng'ombe wasinywe tuta likiwa njia yao; jengeni birika chini, zaidi ya mita 60 kutoka mguuni, lijazwe kwa bomba. Matete yafyekwe ukingoni, maana konokono wa kichocho hukaa humo, na mahali pa kuchotea pawe na ngazi ili watoto wasiteleze. Simika mti wenye alama za sentimita ndani ya maji: kiangazi, bila mtu kuchota, bwawa likishuka zaidi ya milimita 6 kwa siku, jua peke yake halielezi.

Wajibu ni wa mwenye bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inahusu pia usalama wa mabwawa, na maji yenyewe yanahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde: Rufiji iko Iringa, Ziwa Rukwa iko Mbeya, Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za bwawa. Serikali ya kijiji kilicho chini ina haki ya kumwomba mwenye shamba daftari la mvujo na vipimo vya utoro, na asiyekuwa navyo bodi iombwe ije ikague.

Kazi hizi zinafanyika Septemba na Oktoba, maji yakiwa chini na udongo ukishindilika. Viroba kwenye utoro viondolewe kabla ya mwisho wa Oktoba, na visirudishwe. Kuanzia mvua za kwanza hadi Mei, mtu mmoja alitembee tuta lote kila asubuhi, na usiku wa mvua kubwa kila baada ya saa mbili, akiwa na tochi, filimbi na namba ya mtendaji wa kijiji cha chini. Akiona maji yamebakiza sentimita 20 kufika mgongoni, au tope mguuni, apige filimbi kwanza, ahamishe watu wa bondeni wapande upande wa kilima, apige simu 114 ya Zimamoto, ndipo aguse koleo. Kama lazima njia ya dharura ichimbwe, ichimbwe kwenye ardhi ya asili upande wa pili wa utoro, kamwe isiwe kwenye tuta.

Ni sisi,
mafundi wa malambo na mabwawa ya mashamba,
Mafinga, Iringa.